Kalenda saba na kikapu kimoja cha halua

Januari hii nimeletewa kalenda saba dukani, saba jamani, na duka lenyewe lina ukuta mmoja tu wa kutundikia maana kwengine kote ni mashelfu ya viungo. Sita wamechukua watoto wamejaladia madaftari. Iliyobaki ni ya jamaa mmoja wa uchapaji hapo Mkunazini, kwa sababu ina tarehe za Hijria, na mwaka wa Hijria si unapungua siku kama 11 kwa huu mwengine, basi kila anoingia anauliza leo Rajabu ngapi, na mie kila nikiangalia naiona namba yake ya simu. Nikitaka lebo za pakiti za hiliki nampigia nani? Yeye.

Sie tumelelewa na sahani bwana. Ramadhani mama akinituma na kaimati kwa jirani, na jirani harudishi sahani tupu, hata kama hana kitu atatia ndizi mbili. Na sahani zetu zote chini zilikuwa na doa la rangi ya kucha ndo zijulikane za nani. Chini lakini, si juu ya kaimati! Sasa skuhizi mtu anakupa kofia ina jina la kampuni mbele, nyuma na pembeni, utaivaa wapi?

Basi sikukuu iliyopita nkaachana na mambo ya kugawa peni zenye jina la duka, nkaagiza halua ya Wete, nkaitia kwenye vikapu vidogo vya ukili, stika yangu nkaibandika chini, nkawapelekea watu nnaofanya nao kazi, guesti, dobi, vijana wa boti, na huyo mchapaji. Dobi karudisha kikapu kimejaa malimau na pilipili za shamba kwao, mchapaji kaniletea stika 100 hakunidai hata senti. Kuna kampuni moja nayo (siitaji) ilileta fulana asubuhi, jioni wananipigia wanataka nipunguze bei ya karafuu, khaa, hiyo zawadi au chambo?

Guesti ndo hawajarudisha kitu mpaka leo, nshaanza hata kuwanung'unikia kimoyomoyo. Juzi kaja mgeni dukani anataka mdalasini, namuuliza nani kakuelekeza, kumbe kile kikapu wamekiweka mapokezi wanatilia funguo, yeye akakipindua tu kuangalia kilivyosukwa.