Kidonge cha vitamini hakizuii mawimbi ya simu

Vitamini C ya miligramu 1000, ile ya kuyeyusha kwenye maji, pamoja na kapsuli ya vitamini E ya yuniti 400. Huo ndio mchanganyiko unaosifiwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba hukinga ubongo dhidi ya mionzi ya simu na Wi-Fi. Madai haya yana mzizi, na mzizi wenyewe ni panya.

Watafiti, wengi wao wa Uturuki, wamewaweka panya wa maabara kwenye mawimbi ya megahazi 900, kama yale ya simu, kisha wakapima kwenye ubongo kemikali iitwayo malondialdehaidi, ambayo huongezeka mafuta ya seli yanapoharibiwa na oksijeni. Katika baadhi ya majaribio ilipanda, na kwa panya waliopewa vitamini C, E au melatonini (homoni ya usingizi) ikapanda kidogo tu. Sasa tazama mazingira. Mara nyingi panya hubanwa ndani ya bomba, kichwa kikiwa karibu kabisa na antena, na kule kubanwa peke yake humtia mfadhaiko unaoweza kupandisha kipimo hichohicho. Ubongo wake wote una gramu 2 hivi. Kuchukua matokeo hayo ukampangia dozi mama muuza mbogamboga wa Majengo ni kuruka hatua nyingi mno.

Kwa binadamu, shirika la utafiti wa saratani la IARC liliyaweka mawimbi haya mwaka 2011 katika kundi 2B, yaani "huenda" yakasababisha saratani. Mwaka 2024 mapitio ya tafiti 63 yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Athari iliyothibitika ni joto, na joto halipozwi na vitamini.

Dozi zenyewe je? Mwanamume anahitaji vitamini C miligramu 90 kwa siku, mwanamke 75. Ukimeza zaidi ya gramu moja kwa mkupuo, mwili hunyonya chini ya nusu. Ukipita miligramu 2000 tumbo huanza kuendesha, na sehemu ya vitamini hiyo hugeuka oksaleti, mali ghafi ya mawe kwenye figo. Kwa ukavu na jua la Dodoma, ambako watu wengi hushinda bila kunywa maji ya kutosha, hilo si jambo la kupuuza. Vitamini E inanitia wasiwasi zaidi. Yuniti 400 za aina ya kiwandani ni miligramu 180, wakati mahitaji ya siku ni 15. Huzuia damu kuganda, kwa hiyo anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse bila daktari. Jaribio kubwa la Marekani liitwalo SELECT, lenye wanaume zaidi ya 35,000, lilionyesha mwaka 2011 kwamba waliomeza yuniti 400 kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge bandia.

Ukitaka vitamini hizi kwa afya ya kawaida, ziko sokoni. Unga wa ubuyu, gramu 40, uloweke kwenye maji ya baridi yaliyochemshwa kabla, dakika 30, ukamue, uchuje, unywe siku hiyohiyo. Usiuchemshe, moto huiua vitamini C. Ubuyu mwekundu uliopikwa na sukari na rangi ni peremende tu. Mafuta ya alizeti hutoa miligramu 5 hadi 6 za vitamini E kwa kijiko cha chakula, ila yale yaliyopangwa kwenye chupa angavu juani kando ya barabara ya Singida yamekwisha kupoteza sehemu yake, na ya kukaangia chipsi mara ya nne ndiyo kabisa.

Kinachopunguza mawimbi kichwani ni umbali na nguvu ya mtandao. Simu hujirekebisha yenyewe: kwenye 2G inaweza kurusha wati 2 kwa mpigo pale mnara ulipo mbali, na ikashuka hadi miliwati chache (miliwati ni sehemu moja ya elfu ya wati) mnara ukiwa karibu. Tofauti hiyo ni ya mara mia kadhaa. Kwa hiyo aliye kijijini Bahi, ndani ya nyumba ya bati, mstari mmoja wa mtandao, anapata mawimbi mengi kutoka kwenye simu yake mwenyewe kuliko jirani wa mnara anayeuogopa. Toka nje au sogea dirishani kabla ya kupiga. Subiri ipokelewe ndipo uisogeze sikioni, au tumia spika ukiishika sentimita 20 kutoka kichwani. Vipokea sauti vya waya vinafaa. Vya Bluetooth navyo hurusha miliwati chache tu. Router iwe mita moja au zaidi kutoka kitandani, inatosha.

Halafu kuna stika za "kuzuia mionzi" zinazobandikwa mgongoni mwa simu. Isipozuia kitu, umetupa hela. Ikizuia kweli, antena inazibwa, simu inapoteza mnara na kuongeza nguvu ili iupate tena, na betri inayoisha kabla ya saa saba mchana ndiyo itakayokuonyesha.