Puto, sweta na jibu langu la 0.2

Jibu langu lilikuwa 0.2. La mwalimu lilikuwa 1.0. Swali hilo la fizikia lilikuwa na alama kumi, nikapata mbili, na nadhani hata hizo mbili zilikuwa za huruma, maana kanuni niliiandika vizuri na mwandiko wangu hausumbui macho.

Ulikuwa mtihani wa kufunga kidato cha tano, tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati), kwenye shule moja ya bweni mkoani Iringa. Mada ni umemetuli, yaani umeme wa chaji zilizotulia. Swali lenyewe halina maneno mengi. Kuna chaji tatu, ndogo kiasi cha kuhesabiwa kuwa nukta tu. C, yenye mikrokulombi +2 (kulombi ni kipimo cha chaji, mikro ni sehemu yake ya milioni), imekaa kwenye kona ya pembe mraba. Kushoto kwake, sentimita 30, kuna A yenye mikrokulombi +4. Chini yake, sentimita 30 vilevile, kuna B yenye mikrokulombi -3. Tafuta kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, inayoipata C.

Nikachukua kanuni ya Coulomb kama ilivyo kwenye desa: zidisha chaji mbili, gawanya kwa mraba wa umbali, kisha zidisha kwa 9 × 10⁹. Kwa A nikapata nyutoni 0.8. Kwa B niliingiza na ile alama ya kutoa, nikapata -0.6. Nikajumlisha. Jibu 0.2, nikalipigia mistari miwili kwa rula.

Kosa hilo lina historia yake. Mama anauza mchele na viazi mviringo Mwanjelwa, kwetu Mbeya, na tangu nikiwa darasa la nne mimi ndiye niliyekuwa namfungia hesabu jioni. Pesa iliyoingia ni kujumlisha, waliokopa ni kutoa, mwisho unapata kilichobaki. Kwa hiyo alama ya kutoa kichwani mwangu ilikuwa na maana moja tu: deni. Nilipoona -0.6 nikaona mtu amekopa. Na kwa bahati mbaya maswali ya mwanzo tuliyofanya darasani yalikuwa ya chaji mbili tu, na hapo mtindo wangu haukuweza kuumbuka. Alama ya kutoa ilitokea mwisho, unaandika "zinavutana", unapewa alama zako. Ilipoongezeka chaji ya tatu ndipo nikaumbuka.

Mwalimu hakuwa na muda wa kurudia. Tulikuwa wengi na mada zilikuwa zimebaki nyingi. Karatasi nikairudisha kwenye begi, tukafunga shule, nikapanda basi la kwenda Mbeya. Niliitoa Makambako nikaitazama tena, nikaitoa Chimala, na mpaka tunafika Uyole bado sikuona kwa nini 0.8 na 0.6 vizae 1.0. Vikijumlishwa ni 1.4. Vikitolewa ni 0.2. Hiyo 1.0 imetoka wapi?

Aliyenifungua ni sweta.

Mtu wa Mbeya anaijua Juni. Baridi kali, upepo mkavu, mikono inapauka hata ukipaka mafuta. Usiku ukivua sweta la sufu gizani unasikia ta-ta-ta na unaona cheche. Bwenini tulikuwa tunacheza nalo hilo, lakini sikuwahi kulihusisha na fizikia. Fizikia ilikuwa ya Kiingereza, ya ubaoni. Cheche zilikuwa za blanketi. Safari hii mdogo wangu, wakati huo yuko kidato cha kwanza, alikuwa na maputo yaliyobaki kwenye ubarikio wa kanisani. Akawa anasugua puto kwenye sweta lake na kulibandika ukutani. Likakaa. Nikamwambia hebu lete mengine.

Sebule yetu haina dari, kenchi zinaonekana. Nilifunga puto kwa uzi wa kushonea nikalining'iniza kwenye kenchi, nikalisugua kwa sweta. Hilo nikaliita C. Puto jingine nililolisugua vilevile nikalileta kutoka kushoto, nalo ni A. C likakimbia kulia. Hapo hakuna cha ajabu, yamefanana, yanasukumana. Kisha nikamwambia mdogo wangu avue sweta, alikunje, alilete karibu na C kutoka mbele yangu, upande wa mlango. Puto likisuguliwa na sufu huchukua elektroni kutoka kwenye sufu, kwa hiyo puto linabaki hasi na sweta linabaki chanya. Sweta ndilo B wangu. C likavutwa kuelekea mlangoni.

Sasa vyote viwili kwa pamoja. Mimi na A kushoto, yeye na sweta upande wa mlango. C halikwenda kulia, wala halikwenda mlangoni. Lilikwenda kati, kwa mshazari, kuelekea kwenye kona ya kabati la vyombo. Na lilikwenda mbali zaidi kuliko lilivyokwenda kwa kila kimoja peke yake.

Nilibaki nimeshika puto kama mjinga. Kwenye karatasi yangu sweta lilikuwa linamdai A, linampunguzia. Hapa sebuleni lilikuwa linamsaidia kazi, ila kwa upande wake. Ile alama ya kutoa haikuwa ya kupunguza kitu chochote. Ilikuwa inasema tu "huyu anavuta, hasukumi", na ikishasema hivyo kazi yake imekwisha.

Nikachora. Mshale wa 0.8 kwenda kulia, kwa sababu A anasukuma. Mshale wa 0.6 kwenda chini, kwa sababu B anavuta. Kati yao kuna pembe mraba, basi ni Pythagoras wa kidato cha pili: 0.64 ongeza 0.36 ni 1, kipeuo chake ni 1. Nyutoni 1.0, ikielekea chini ya mstari wa kulia kwa nyuzi 36.9 hivi. Nilicheka peke yangu mpaka Mama akauliza jikoni kuna nini.

Nisiwadanganye kwamba majaribio yalikwenda vizuri tangu mwanzo. Mara ya kwanza C lilikuwa linanifuata mimi. Nikisogea linakuja, mdogo wangu akisogea linamfuata. Mkono mtupu, usiosuguliwa na chochote, ulikuwa unalivuta. Ni kwa sababu puto lenye chaji hasi linasukuma elektroni za mwilini mwako zisogee mbali kidogo, upande wa karibu unabaki chanya, halafu linavutwa na huo upande wa karibu. Umbali mdogo unashinda, kwa kuwa kani hupungua kwa mraba wa umbali. Ikabidi A tulifunge kwenye ncha ya mti wa fagio na sweta tulitundike kwenye mti wa mwavuli, tukae mbali.

Siku mbili baadaye nikapata tamaa ya kujua: hilo puto lina chaji kiasi gani hasa? Vitabu vinakupa "mikrokulombi 2" kana kwamba ni kilo mbili za sukari. Mjomba wangu hununua dhahabu Chunya na anapokuja Mbeya huja na mizani yake ndogo ya kidijitali, ile inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Nilimwamkia, nikampikia chai, ndipo nikamwomba.

"Mjomba, naomba nipime puto."

"Puto? Lina nini ndani?"

"Upepo."

Alinitazama kwa muda, kisha akasogeza mizani. Gramu 2.1.

Nilining'iniza maputo mawili kutoka msumari mmoja, kila uzi mita moja mpaka katikati ya puto, yote nikayasugua kwa nguvu. Yakaachana. Kwa futikamba, kutoka katikati ya hili mpaka katikati ya lile ilikuwa kama sentimita 30. Kila puto limetoka sentimita 15 kutoka mstari wa wima, kwa hiyo tanjiti ya pembe ni karibu 0.15. Uzito wa puto ni 0.0021 mara 9.8, yaani nyutoni 0.0206. Zidisha kwa tanjiti, kani ya kusukumana ni nyutoni 0.0031. Ukiigeuza kanuni ya Coulomb na kuchukulia chaji zimelingana, kila puto lina kulombi 1.8 × 10⁻⁷ hivi. Sehemu ya tano ya mikrokulombi moja haifiki! Na bado hiyo ni elektroni zaidi ya trilioni moja, kila moja ina 1.6 × 10⁻¹⁹. Puto si nukta, najua, na chaji haikai sawasawa juu ya mpira, kwa hiyo ni makadirio. Lakini tangu siku hiyo nikiona kwenye jibu langu puto lina kulombi 3, najua nimekosea kipeo mahali. Kulombi moja na nyingine zikiwekwa mita moja zinasukumana kwa nyutoni bilioni 9, sawa na uzito wa malori zaidi ya elfu 90 ya tani kumi kumi. Foleni ya malori mpakani Tunduma haijawahi kufika huko.

Coulomb mwenyewe, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, alifanya kazi inayofanana na hii mwaka 1785, ila yeye alitumia waya mwembamba wa fedha uliobeba kijiti chenye kitufe chepesi, akapima waya ulivyosokoteka kitufe kiliposukumwa. Nilipolisoma hilo nilifurahi kuliko inavyostahili. Kumbe kanuni niliyokuwa nakariri ilianza na kitu kinachoning'inia.

Kuanzia hapo nikajiwekea utaratibu na sijauacha. Kwanza najiuliza nani anaulizwa. Kama ni C, basi C ndiye mwenye nyumba, wengine ni wageni. Wageni hawashughuliki wao kwa wao mbele yangu. Kani kati ya A na B hainihusu hata kidogo. Hilo lilikuwa linanipotezea dakika nyingi. Kisha nafunika mgeni mmoja kwa kidole, naangalia aliyebaki: anasukuma au anavuta? Nachora mshale kwenye C, siyo kwenye mgeni. Halafu wa pili. Mpaka hapo sijagusa kalkuleta. Nikimaliza mishale, alama za hasi na chanya nazisahau kabisa. Natafuta ukubwa tu kwa namba tupu, nageuza sentimita kuwa mita, nageuza mikro kuwa 10⁻⁶. Mwisho nagawa kila mshale kwenye mhimili wa kulala na wa kusimama, najumlisha vya kulala na vya kulala, vya kusimama na vya kusimama.

Pembe mraba ni rahisi. Pembetatu ya pande zote sawa ndiyo inayowaangusha watu, maana wanajumlisha ovyo. Weka chaji tatu za mikrokulombi +2 kwenye kona zake, kila upande sentimita 20. Kila jirani anasukuma kwa nyutoni 0.9, na mwenye haraka ataandika 1.8. Ukichora unaona mishale miwili imeachana kwa nyuzi 60. Sehemu za kulala zinauana, zinabaki za kusimama: 0.9 mara kosaini ya 30, mara mbili, ni 1.56.

Na yale maswali ya "wapi chaji ya tatu haitapata kani yoyote" niliyokuwa nayaruka, mshale unakupa nusu ya jibu bure. Kukiwa na mikrokulombi +9 na +4, mita moja kati yao, lazima iwe mahali fulani baina yao ili wasukume kwa kupingana: sentimita 60 kutoka kwa mkubwa. Ile +4 ikigeuka kuwa -4, baina yao wote wanapeleka upande mmoja, hakuna usawa. Inabidi utoke nje, upande wa mdogo, mita 2 kumpita yeye. Kalkuleta haiwezi kukuambia utoke nje.

Kidato cha sita, jaribio la kwanza la mada hiyo, nilipata 31 kati ya 40. Alama tano zilikwenda kwa kusahau mraba wa umbali mara moja tu, jambo ambalo hakuna puto litakaloniponya.

Januari hii mdogo wangu, sasa naye yuko kidato cha tano, aliporudi shule aliniachia picha ya swali kwenye simu. Chaji tatu, kona, hasi moja. Jibu lake lilikuwa dogo kwa kiasi cha kutia shaka, nikajua. Aliporudi nyumbani Pasaka nilichukua maputo, nyuzi, na sweta lilelile. Mbeya mvua ilikuwa haijakatika wiki nzima, kuta zinatoa jasho. Tulisugua mpaka mikono ikauma. Maputo yakaning'inia yamegusana kama soksi kwenye kamba, unyevu umekwisha kuiba kila elektroni.

"Dada, mbona haliendi?"

Nikamwambia alete karatasi na penseli, achore sweta.