Siku moja maishani mwangu: fundi wa Keko, Dar es Salaam, mwenye disleksia

Saa 11 alfajiri
Kabla sijanawa uso, simu iko sikioni. Oda zangu zinakuja kwa sauti: "Fundi, lile kabati liongezee droo moja." Miaka mingi niliwadanganya wateja kwamba kioo kimepasuka, meseji sizioni. Sasa nawaambia ukweli: nina disleksia, yaani kusoma na kuandika kunanipa taabu, nitumie sauti. Hakuna aliyenihama kwa sababu hiyo.

Saa 12 na nusu
Gongo la Mboto, kituoni. Kibao cha daladala sikisomi. Naangalia rangi ya mstari ubavuni na kumsikiliza konda.

Saa 2 asubuhi
Karakana, Keko. Kijana wangu wa kazi anaandika vipimo kwenye daftari, mimi nachukua fito. Kila kazi ina fito yake. Naipeleka mpaka nyumbani kwa mteja, naisimamisha pale kabati litakapokaa, natia alama ya penseli kwenye kimo, nyingine kwenye upana, na pembeni yake nachora kamlango au kadroo. Nikirudi karakana naweka fito juu ya mbao na kukata. Namba haina nafasi ya kunigeuka.

Utaratibu huu ulizaliwa na hasara. Mteja aliandika 152, mimi nikasoma 125, nikakata mninga wa kabati zima. Mninga ukishakatwa umekatwa. Nilimlipa kidogo kidogo, na sikumwambia mtu yeyote kilichotokea.

Saa 5
Kaja mama mmoja na karatasi, mwandiko mdogo, mistari imebanana. Hata leo moyo unanidunda nikiona karatasi ya namna hiyo.

"Shikamoo mama. Naomba unisomee, kusoma kunanichukua muda."

Akaniangalia, kisha akasoma. Alipomaliza akauliza kwa sauti ya chini kama ndiyo hayo yanayomsumbua mjukuu wake: hesabu za kichwa anaziweza, kitabu kikifunguliwa analia.

Kazi ilisimama. Tulikaa kwenye benchi, nikamweleza nilivyoelezwa mimi. Si uvivu, wala si upungufu wa akili. Ubongo unapata taabu kuunganisha herufi na sauti yake, na mara nyingi hali hii inatembea kwenye ukoo. Kiswahili kinatuhurumia kidogo, kwa sababu "ba" ni "ba" popote utakapoikuta. Tunafika, ila tumechoka. Kiingereza cha sekondari ndicho kilichonizamisha, maana neno linaandikwa hivi, linatamkwa vile.

Nikamwambia na ya shule. Niliitwa kilaza. Usiku nilikuwa nakariri ukurasa mzima dada akinisomea, kesho yake nasimama mbele na kuutiririsha. Siku moja mwalimu alikuwa amefungua ukurasa mwingine.

Jina la hali yangu nimelijua nikiwa na miaka 36, mwanangu alipopelekwa kwa mwanasaikolojia. Kila swali aliloulizwa mtoto, mimi nilikuwa najibu moyoni. Mwishowe yule mtaalamu akanigeukia: "Na wewe baba, shule ulisomaje?" Alinisimulia kwamba mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeshindwa kusoma. Mwalimu wa kijana huyo alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Nilimwomba arudie. Mimi nilichapwa fimbo darasa la tatu mwaka 1996, miaka 100 kamili baadaye.

Mama aliondoka bila kuulizia tena bei ya kabati. Amesema atarudi na mjukuu.

Saa 7
Wali maharage kwa mama ntilie, kisha msasa hadi jioni.

Saa 11 jioni
Risiti. Hii ndiyo saa ngumu kuliko zote. Naandika, kijana anakagua, narudia. Zamani nilikuwa namfokea ili asione ninavyohangaika, na hilo nimeshamwomba radhi.

Saa 2 usiku
Haya yote nayasema, simu inaandika, mke wangu anapitia. Mwanangu yuko mkekani na herufi nilizomchongea kwa vipande vya mkongo, kila moja ukubwa wa kiganja. Amefumba macho. Anapitisha kidole kwenye mgongo ulionyooka, anashuka, anatafuta tumbo limekaa upande gani.

"Baba, usiniambie."

Anarudia tangu juu, taratibu.

"Hii ni d."

Ni d.