Siku moja ya kazi na muwasho chini ya kibandiko

Saa 11:30 alfajiri. Mfuko wa kinyesi, pamoja na kibandiko kinachoushikilia tumboni, hubadilishwa kabla ya kula, maana stoma (tundu la utumbo lililotolewa tumboni kwa upasuaji) ya utumbo mwembamba hutulia tumbo likiwa tupu. Bandua kibandiko kuanzia juu, mkono wa pili ukikandamiza ngozi. Hakuna upele wala wekundu, na bado panawasha. Wengi hukitupa kibandiko papo hapo. Kigeuze kwanza! Upande wa chini wa tundu la kibandiko, gundi imevimba na kulainika kama uji, upana wa ukucha. Majimaji ya utumbo yamepenya. Yana vimeng'enya vya kusaga chakula, na ngozi huweza kuwasha kabla haijaonyesha alama. Gundi ikiwa nzima pande zote, shuku mabaki ya sabuni, vitambaa vyenye mafuta, jasho au ukavu.

Saa 12. Osha kwa maji ya uvuguvugu matupu, kausha kwa kugusagusa. Pima stoma upya: tundu la kibandiko liizidi kwa milimita 2 hadi 3 tu. Stoma husinyaa wiki 6 hadi 8 za mwanzo baada ya upasuaji, hivyo kipimo cha zamani huacha ngozi wazi. Poda ya stoma ni ya ngozi iliyochubuka na yenye unyevu. Ziada ipanguse, la sivyo gundi haishiki. Pasha kibandiko joto viganjani, kibandike, kishikilie dakika 2.

Saa 4, kazini. Muwasho umerudi. Usipenyeze kucha wala kalamu ukingoni: utajichubua na kufungua njia ya mvujo. Mfuko ukifika theluthi moja, umwage. Panapowasha na kuchoma kwa pamoja, badilisha saa hiyohiyo. Kuongeza tepu juu ya mvujo ni kuyafungia majimaji kwenye ngozi.

Saa 8 mchana, jasho. Kitambaa cha pamba kati ya mfuko na tumbo husaidia. Kitu cha baridi kilichofungwa kwa taulo, dakika 10, hutuliza. Hapa macho yafanye kazi: vipele vinavyotawanyika nje ya ukingo huashiria fangasi, vipele kwenye vinyweleo hutokana na kunyoa, na wekundu wenye umbo la kibandiko chenyewe ni dalili ya mzio.

Saa 2 usiku. Ukishuku mzio, bandika kipande cha kibandiko cha aina nyingine upande wa pili wa tumbo kwa saa 48. Usipake krimu ya mafuta, kibandiko kitateleza. Ukinunua dawa ya muwasho, vidonge vinavyoyeyuka polepole vinaweza kutoka mfukoni vikiwa vizima, kwa hiyo mwambie mfamasia kwamba una stoma.

Andika saa muwasho ulipoanza, umri wa kibandiko, hali ya gundi. Ukiwashwa mwili mzima, hasa viganja na nyayo, au macho yakiwa ya njano, tatizo si kibandiko tena. Muone daktari upesi apime damu na ini, hasa kama utumbo ulikatwa kwa sababu ya kolitisi ya vidonda (uvimbe na vidonda vya utumbo mpana), kwani ugonjwa huo huweza kuandamana na ugonjwa wa mirija ya nyongo.