Nilivyomfikisha mama Kilwa Kisiwani, mara ya pili ndo tukafanikiwa

Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Kazi alianzia Lindi kabla mimi sijazaliwa, na miaka yote alikuwa anawafundisha watoto habari za Kilwa, ule mji wa kale wa masultani kule kisiwani, dhahabu ya Sofala (Msumbiji ya leo), sarafu za shaba zenye majina ya masultani, Wareno kuivamia 1505, yote hayo kwa chaki ubaoni na Kilwa yenyewe hajawahi kutia mguu. Alikuwa anapita tu na basi, wanasimama Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa, watu wananunua korosho, safari inaendelea. Sasa 2016 magoti yakawa yameanza kumsumbua sana, akaniambia mwanangu kama ni Kilwa nipeleke sasa hivi, mwakani sijui kama ntaweza. Nikasema hapa hamna kusubiri.

Tukatoka Dar alfajiri kwa basi la Mbagala Rangi Tatu. Kwenye daraja la Mkapa pale Rufiji mama akaanza kusimulia enzi za pantoni, daraja limefunguliwa 2003, kabla ya hapo unaweza kulala ng'ambo ya mto unasubiri zamu yako na mbu wanakumaliza. Mchana tukawa Kilwa Masoko, tukaenda ofisini kuchukua kibali cha kuingia magofuni (usivuke bila kibali) na tukapewa mtu wa kututembeza.

Kosa nililofanya ni hili, na ndo sababu nimeamua kuandika. Nilichagua wikiendi kwa kuangalia ruhusa yangu ya kazini, bahari sikuiangalia kabisa. Tumefika siku mbili baada ya mwezi mpevu, bamvua imepamba moto, yaani kipindi maji yanajaa sana na kutoka mbali sana, na sisi kesho yake tukavuka saa nne asubuhi tukijua ndo muda mzuri. Kumbe pwani yetu hii kipindi cha bamvua saa nne saa tano maji ndo yamekauka kabisa! Mashua ikakwama mbali na ufuo, mbele yetu matope na mawe makali, Gereza unaliona pale mbele limesimama, ile ngome waliyoanza Wareno halafu Waomani wakaja kuijenga upya, na hufiki. Nahodha, kijana mwenye adabu sana, akamwambia mama, "Bibi, panda mgongoni nikuvushe." Mama akamshukuru akakataa, akasema nikianguka hapa nikavunjika nyonga nitakuwa nimekuachia mzigo mwanangu. Tukageuza. Njiani kurudi mama hakusema neno, anaangalia tu nyuma kule kisiwani, na mimi roho iliniuma mno.

Tulipofika gatini nahodha ndo akanipa somo ambalo nalitumia mpaka leo. Akasema kaka, ukiwa na mtu mzima usije na bamvua, njoo na maji mafu, hesabu mwezi mwandamo ukifika siku ya nane ya tisa, siku hizo maji yanajaa saa nne saa tano asubuhi na hata yakitoka hayatoki mbali. Na msianze na Msikiti Mkuu kama wanavyofanya wote, anzeni Husuni Kubwa, lile jumba la sultani, maji yakiwa yanapanda, mashua itasogea hadi chini ya mwamba, mzee hatatembea ile njia ya vichakani na jua lote lile.

Miezi miwili baadae tukarudi. Safari hii nimehesabu mwezi kwanza ndo nikaomba ruhusa. Nilibeba na kigoda cha plastiki, kile kifupi cha jikoni, na ndo kilituokoa, maana mashua ukingo wake uko juu, kigoda unakiweka majini mtu anakanyaga pale kwanza halafu mchangani. Maji yalimfika mama chini ya goti, akashuka mwenyewe kashika bega langu tu.

Husuni Kubwa tulipanda polepole, tunapumzika kila hatua chache. Ni jumba la mwanzoni mwa karne ya 14, la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyo huyo aliyempokea Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, 1331, na liko juu ukingoni kabisa bahari yote unaiona. Kuna birika la kuogea la pembe nane, mama akakaa ukingoni pale akawa kimya muda mrefu, mimi nikasogea pembeni nimwache.

Ila kilichonishangaza zaidi ni ukutani. Mama kwao ni Pangani na babu alikuwa anachoma chokaa, yaani mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya magogo yanachomwa. Akapapasa ukuta na kiganja, akaonyesha mstari wa matundu kule juu, akasema hapo ndo zilikuwa zinaingia boriti za mkoko, zimeoza zimebaki nyumba zake. "Unaona vyumba vilivyo vyembamba? Boriti ndo inayoamua upana wa chumba." Yule anayetutembeza akaacha kuongea akawa anamsikiliza yeye! Tulipokuja Msikiti Mkuu mama akatangulia kutuonyesha, huku sehemu ya zamani ndogo, ya karne ya 11 mpaka 12, na huku walipoongeza karne ya 14 paa limekuwa la kuba na matao, hapo akasema basi hawa walikuwa wameshaachana na boriti. Mimi Kilwa nimeisoma shule nikafaulu mtihani lakini hilo sikuwahi kulijua, na nadhani nisingelijua bila mtu ambaye baba yake kachoma chokaa.

Pale chini ya kuba kuna ubaridi mzuri sana na mama aliomba tumwache kwenye kigoda chake karibu nusu saa. Saa saba kasoro nahodha akaja kutuita, maji yanaanza kushuka twendeni, tukashuka ufukweni pale Gereza na mashua bado inaelea kama alivyosema. Kwenye mashua mama alikuwa anamwambia nahodha kwamba jiwe la mihirabu, pale anaposimama imamu msikitini, huchongwa likiwa bichi limetoka baharini, likikauka haliingii patasi, na nahodha anajibu naam bibi, naam bibi, huku kashika tanga.

Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, hatukwenda, ni mbali zaidi kusini na boti ya injini ni hela nyingine. Mama kashaniuliza mwezi mwandamo upo siku ya ngapi.