Twiga wa Kolo

Nilipokuwa darasa la sita, mjomba alitupandisha kilimani Kolo, kule Kondoa, tukaone michoro ya mapangoni. Wekundu wake ulikuwa umefifia, basi mmoja wetu (sawa, ni mimi) akamwagia mwamba maji ya chupa ili rangi ing'ae. Ikang'aa, tukashangilia. Sikujua kuwa maji huyeyusha chumvi za mwambani, na yakikauka huziacha juu ya rangi kama utando mweupe.

Mwezi uliopita nilirudi na simu yenye DStretch, programu aliyoitengeneza Jon Harman mwaka 2005. Haigusi jiwe hata kidogo. Unapiga picha ya kawaida, nayo inazitenganisha rangi zinazokaribiana na kuzikuza tofauti ambazo jicho halizioni. Nilielekeza kamera mahali ambapo ningeapa ni jiwe tupu, nikachagua mpangilio wake uitwao LRE, unaoibua wekundu. Mwamba ukageuka rangi za ajabu, kisha ukatokea mstari: shingo ndefu, mgongo unaoteremka, miguu. Twiga!

Kuna mtego, lakini. Kutu ya asili ya mwamba nayo ni nyekundu, kwa hiyo programu huiibua vilevile, na ukiwa na hamu utaona hata tembo. Ndiyo maana naitunza picha halisi, yenye rula pembeni, kando ya ile iliyokolezwa.

Nilimwonyesha mjomba. Akaikodolea macho simu, akautazama mwamba, akairudia simu.

"Na ile chupa," akasema, "uliimwagia wapi vile?"