Endometriosisi: seli zinazojipikia homoni zenyewe

Leo niongelee endometriosisi kwa undani kidogo, maana naona bado watu wanaishia kusema "ni tumbo la hedhi tu" na hiyo inaniuma kwa kweli, binti anajikunja kila mwezi anatapika anashindwa hata kusimama halafu anaambiwa avumilie, eti akizaa yataisha.

Ugonjwa wenyewe ni kwamba seli zinazofanana na za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi zinaota sehemu nyingine, kwenye ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi, kwenye utumbo, hata kibofu. Zimefikaje huko? Maelezo yanayojulikana zaidi ni ya daktari wa Marekani, John Sampson, miaka ya 1920, kwamba sehemu ya damu ya hedhi inarudi nyuma kupitia mirija ya uzazi inamwagikia tumboni. Sawa, ila hiyo damu inarudi nyuma kwa wanawake walio wengi, na wanaougua ni kama 10% tu ya walio kwenye umri wa kuzaa, kwa hiyo lazima kuna kitu kwenye seli zenyewe au kwenye kinga ya mwili iliyotakiwa kuzisafisha.

Na hapa ndo penyewe. Seli za ukuta wa mfuko wa uzazi kwa kawaida zinasubiri homoni ya estrojeni, inayozikuza, ije kutoka kwenye ovari. Hizi zilizohama zina aromatasi, kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni, yaani zinajipikia zenyewe hukohuko ziliko. Hiyo estrojeni inaamsha kimeng'enya kingine, COX-2, ambacho kinazalisha prostaglandini, na prostaglandini ndo zinaleta maumivu, halafu mojawapo, ile E2, inarudi kuiwasha aromatasi upya! Projesteroni, homoni nyingine ambayo ingetuliza mambo, nayo haisikiki vizuri kwa sababu vipokezi vyake vimepungua, na mishipa ya fahamu inaota inaingia humohumo. Sasa mtu wa namna hiyo unamwambia azoee?

Mwaka 2017 watafiti walikuta baadhi ya seli hizi zina mabadiliko kwenye jeni kama KRAS, jeni tuliyozoea kuisikia kwenye saratani, ingawa endometriosisi sio saratani.

Ukishaelewa huo mzunguko hata dawa zinaeleweka. Ibuprofeni inazuia COX ndo maana maumivu yanapungua, lakini vidonda, yaani zile seli zilizoota, vinabaki palepale. Vidonge vya homoni vinaituliza ovari, na letrozoli, ambayo wagonjwa wachache wanapewa pale nyingine zikigoma, inaenda kuizima aromatasi yenyewe.

Halafu ultrasaundi ikitoka safi usikubali kuambiwa huna kitu, vidonda vidogo mara nyingi havionekani humo. Kama unaumia pia wakati wa tendo, au ukienda haja kubwa siku za hedhi, au mimba haishiki, mtajie daktari yote hayo na muulize kuhusu endometriosisi kwa jina lake.